Geuza kinyago chako uone chini

Wadau, kama sebuleni kwenu kuna simba, tembo au twiga wa mti, mnyanyueni sasa hivi mmgeuze. Angalieni chini ya miguu. Mara nyingi mtakuta vumbi, na pengine kibandiko cha bei kilichogoma kubanduka. Jina la aliyemchonga hamtalikuta.

Swali la pili. Taja mchongaji mmoja wa Kimakonde. Mmoja tu! Nimewauliza jamaa zangu hapa Dar, watu wenye digrii zao, wanaokutajia kikosi kizima cha Arsenal pamoja na wachezaji wa akiba. Wengi wananijibu "Tingatinga". Haya, Edward Saidi Tingatinga ni mtu wa kusini kweli, mzaliwa wa Tunduru 1932, na kweli alikuwa mtu wa wanyama. Lakini umaarufu wake ni wa rangi na brashi. Mimi nauliza habari za shoka na patasi. Hapo watu wananyamaza, halafu mmoja anauliza kama chai imeisha.

Ninachotaka kusema leo ni hiki. Kwetu mtu anaweza kuchonga wanyama kwa miaka arobaini, akasomesha watoto, kazi zake zikafika Ulaya na Japani, na bado akafa bila mstari mmoja ulioandikwa kuhusu kazi hizo. Mkono anao, wateja anao, maisha ya usanii anayo. Kinachokosekana ni kumbukumbu, na bila kumbukumbu bei inabaki ya gogo.

Tuanze na mtu aliyekuwa nayo. Robert Glen alizaliwa Kenya 1940. Kabla ya sanamu alikwenda Denver, Marekani, akajifunza kazi ya kuhifadhi wanyama wa maonyesho, wale waliokufa ambao ngozi zao hujazwa wakaonekana kama wazima. Ni kazi inayokulazimisha kujua mfupa uko wapi na msuli unapita wapi. Kisha akageukia sanamu za shaba nyeusi, yaani ule mchanganyiko wa shaba na bati. Kazi yake kubwa iko mji wa Irving, Texas: farasi tisa wanaokimbia kuvuka maji, kila mmoja mkubwa kuliko farasi halisi, waliozinduliwa 1984. Baadaye aliishi miaka mingi Ruaha, hapa hapa Tanzania, pamoja na mchoraji Sue Stolberger. Akitaka kujua tembo anakunjaje goti, hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Simtaji kwa wivu. Alijua kazi yake. Namtaja kwa sababu shaba ina tabia moja ambayo mti hauna. Mchongaji anamfinyanga mnyama kwa udongo. Kwenye udongo linatengenezwa kalibu, ndani ya kalibu inamiminwa nta, nta inafunikwa kwa tabaka zinazostahimili moto, inachemshwa mpaka itoke, na pale ilipokuwa nta panamiminwa shaba iliyoyeyuka. Kalibu likiwepo, simba mmoja anaweza kuzaliwa mara nane au kumi na mbili. Ndiyo maana kila nakala hupewa namba yake na sahihi ya msanii. Bila hivyo mnunuzi hajui anunua nini. Kwa hiyo karatasi zinazaliwa pamoja na sanamu: nani kafanya, nakala ngapi zipo, hii ni ya ngapi. Miaka thelathini baadaye karatasi hizo hizo ndizo zinazoitwa "maisha ya msanii".

Mfano tunaupita kila siku katikati ya Dar es Salaam. Ile Sanamu ya Askari ni ya shaba nyeusi, ilisubiwa Uingereza na kusimikwa 1927. Aliyeitengeneza anajulikana hadi leo: James Alexander Stevenson. Askari mwenyewe, yule anayeelekeza singe bandarini, ni "Askari" tu. Kariakoo kuna wazee wengi waliozikwa ambao wangeweza kuwa yeye. Mwenye jina ni aliyeushika udongo.

Sasa shukeni nami kusini.

Kazi ilinipeleka Mtwara, na katika kuzunguka nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayechonga chini ya mkorosho, upande wa njia ya Mikindani. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapo. Usimkanyage huyo."

Huyo alikuwa kiboko, nusu yake bado gogo.

Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye gunia moja la korosho: shoka, tezo, patasi za ukubwa mbalimbali, rungu la kugongea, tupa mbili, vipande vya msasa. Mashine hakuna. Mpingo wenyewe ndio mwalimu. Nje una tabaka jeupe la kimanjano, ndani ndiyo ule weusi wenye damu ya zambarau. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Ni mgumu, patasi inabidi inolewe kila baada ya muda mfupi. Na mara nyingi katikati una ufa au uwazi, kwa hiyo mchongaji hapangi mnyama kwanza akatafuta gogo. Analigeuza gogo, analigonga, analisikiliza, ndipo anajua humo mna kifaru au mna nyani. Kwenye udongo ukikosea sikio unabandika jingine. Kwenye mpingo sikio likiruka, umebaki na mnyama mwingine kabisa, au kuni za bei ghali.

Mzee alivuka Ruvuma akiwa mtoto wa kushikwa mkono, wakati wa vita ya ukombozi wa Msumbiji iliyoanza 1964. Aliyemfundisha ni mjomba wake, kama ilivyo kawaida kwa Wamakonde, ambako mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake. Miaka miwili ya kwanza hakugusa shoka. Alipiga msasa tu. Kisha tupa. Kisha akaruhusiwa kuchonga mikia na masikio ya wanyama wa mjomba. Mnyama wake wa kwanza mzima alikuwa kobe, kwa sababu, alivyoniambia, "kobe hana shingo ya kukuvunjikia". Miaka ya themanini alikwenda Dar, akakaa Mwenge kwenye vinyago, akamchongea mfanyabiashara mmoja kwa hesabu ya vipande: simba kumi, tembo ishirini, twiga thelathini. Alirudi Mtwara wazazi walipozeeka. Sasa msimu wa korosho yuko shambani, miezi mingine yuko kwenye gogo.

Nikamuuliza habari za twiga. Maana, wadau, hili wengi hatulijui: twiga hawako kusini mwa mto Rufiji. Nyanda zote za kusini, mpaka Ruvuma, hazina twiga. Mtu wa Mtwara akitaka kumwona lazima avuke Rufiji, aende hifadhi ya Mikumi au upande wa kaskazini wa Nyerere, alipe nauli, alipe kiingilio.

"Babu, ulimwona wapi?"

"Kwenye mfuko wa saruji."

Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania! Ndivyo alivyoanza: picha kwenye mfuko, baadaye kalenda, baadaye twiga wa wachongaji wenzake pale Mwenge. Kachonga mamia ya twiga na hajawahi kumwona hata mmoja akitembea. Ndiyo maana twiga wa madukani wanafanana kama sare za shule. Mmoja kamwiga mwenzake, mwenzake kaiga picha.

Lakini kiboko anamjua. Utotoni aliishi karibu na mahali Ruvuma inapoingia baharini, kule ambako tangu 2000 kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Huko mikoko, mamba na viboko ni majirani. Viboko walitoka usiku kula mpunga wa mama yake. Alinionyesha kwa kidole kwenye gogo: pua, jicho na sikio vimepangwa juu kwenye mstari mmoja, ili mwili wote ubaki majini na yeye aendelee kuona, kusikia na kupumua. Alinionyesha mkunjo wa shingo pale anapogeuka kwa hasira. Mkunjo ule sijauona kwenye duka lolote.

"Huyu unauza bei gani?"

"Huyu hauzwi. Mgeni akimwona anadhani nguruwe. Watu wanataka twiga."

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti yake na Glen, na haihusu kipaji. Mmoja alilipwa kwa mnyama anayemjua. Mwingine analipwa kwa mnyama asiyemjua, na yule anayemjua anamchonga kwa gharama zake mwenyewe, baada ya saa za kazi.

Tusidhani kwamba kumsahau mchongaji ni asili yetu, kwamba "Waafrika tulichonga kwa pamoja, jina halikuwa na maana". Hiyo nimeisoma mahali pengi na inanikera. Wamakonde walikuwa na vinyago vya kuvaa usoni kwenye ngoma za jando, midimu kwa upande wetu, mapiko kwa upande wa Msumbiji. Baadhi vilikuwa vya wanyama, sungura akiwemo. Nani kachonga, kijiji kilijua, hata kama hakikuandika. Na ilipoanza biashara ya Dar es Salaam miaka ya 1950, majina yalibaki kila palipokuwa na mtu wa kuyabakiza. Tunajua Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa vinyago vya mashetani. Inasimuliwa kwamba mkono wa sanamu aliyokuwa akiichonga ulivunjika, na badala ya kuitupa akaigeuza kuwa kiumbe cha ajabu. Tunamjua Mohamed Peera, mwenye duka aliyezinunua kazi hizo na kumtia moyo. Tunajua Yakobo Sangwani anahusishwa na mtindo wa dimoongo, watu kubebana mpaka juu, ambao baada ya Azimio la Arusha la 1967 ukaitwa ujamaa. Tunajua Clements Ngala na mtindo wa mawingu. Tunamjua George Lilanga, aliyezaliwa kusini 1934, akaanzia kwenye uchongaji, akapitia Nyumba ya Sanaa pale Dar, kazi zake zikaonyeshwa Washington 1978, akafariki 2005 akiwa na jina duniani.

Mnaona? Hao wote wana majina. Lakini tazameni walichochonga: mashetani, binadamu, mawingu, viumbe wa ndotoni. Wasomi waliokuja kuandika walivipenda hivyo, wakavipa vitabu na maonyesho. Mchonga wanyama akaachwa upande wa pili, chini ya kichwa cha habari "vitu vya watalii". Kenya hali inafanana: tunaambiwa Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akarudi Ukambani akaanzisha kazi iliyokuja kulisha maelfu ya watu kwa swala na tembo wa mti. Yeye tunamtaja kama mwanzilishi. Wale maelfu waliofuata, kimya.

Sasa mtaniuliza, jina kwenye karatasi lina faida gani? Nitajibu kwa kisa cha kweli. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yalivunjwa na vitu kadhaa kuibwa, kikiwemo kinyago cha Kimakonde. Miaka ikapita, kikaonekana Uswisi, kwenye jumba la Barbier-Mueller mjini Geneva. Mazungumzo yakachukua miaka, na 2010 kikarudishwa nyumbani. Kilirudi kwa sababu kilikuwa kwenye kumbukumbu za makumbusho: mtu aliyekiona kule aliweza kusema hiki ni kile. Kingekuwa hakijaandikwa popote, leo kingekuwa "kinyago cha Afrika Mashariki" kwenye kabati la kioo, mwisho wa habari. Kumbukumbu ina nguvu ya kuvuka mabara na kurudi na mali mkononi.

Basi, nikiwa na mawazo yangu mazuri ya namna hiyo, nikatoa daftari nikamwomba mzee majina yake matatu. Nilitaka kuanza na yeye. Akacheka mpaka akaweka tezo chini.

"Gogo hili lilikuja kwa baiskeli, mjukuu wangu. Ukiniandika, atakayekuja wa kwanza siyo mnunuzi."

Ndiyo maana humu hamumkuti kwa jina, na hata mtaa nimeuacha.

Hili lilinifanya nifikiri njia nzima ya kurudi Dar. Mpingo unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Unatakiwa na viwanda vya zumari za Ulaya, unatakiwa na wenye mbao, na yeye anataka kipande cha urefu wa mkono. Kuanzia Januari 2017 mkataba wa CITES ulianza kudhibiti biashara ya kimataifa ya jamii yote ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, na mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Wenye viwanda vya ala walikuwa na wa kuwasemea. Mchongaji wa chini ya mkorosho, hata kama kipande chake kidogo hakimsumbui mtu wa CITES, bado lazima aeleze hapa nyumbani gogo limetoka wapi. Akiwa hana risiti, jina lake linageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Tunamwomba atoke gizani, wakati giza ndilo linalomfunika.

Njia ipo, na haiko mbali. Kilwa, kwa jirani zake tu, kuna vijiji vinavyomiliki misitu yao kisheria, na tangu 2009 baadhi vimekuwa na cheti cha kimataifa cha FSC kinachosema msitu huu unavunwa kwa utaratibu. Mpingo wa pale una karatasi. Mabaki ya gogo yasiyofaa kwa zumari yanamfaa sana mchongaji, maana ufa unaomkasirisha mtengeneza zumari kwa mzee ni mdomo wa mamba. Kikundi cha wachongaji wa Mtwara kikinunua mabaki hayo kwa risiti moja ya pamoja, mtu anaweza kuandika jina lake chini ya mguu wa simba bila kuangalia nyuma. Mtwara yenyewe ina pa kuonyeshea: tamasha la MaKuYa, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, lilianza 2008. Ngoma zinatajwa kwa vijiji vyake pale. Vinyago navyo vitajwe kwa mafundi wake.

Hayo ni ya wachongaji na vikundi vyao. Ya wenye maduka ni rahisi zaidi: daftari moja. Kazi, tarehe, mchongaji. Twiga ambaye mzee alimuuza elfu thelathini nilimkuta ndugu yake kwenye duka moja Dar kwa laki na nusu. Sigombani na faida, duka lina kodi na umeme. Lakini katika hiyo laki na ishirini ya katikati, wino wa kuandika jina haukupatikana? Na mnunuzi akiambiwa "huyu kachongwa na fulani, amewajua viboko tangu utoto", kiboko hatafananishwa na nguruwe tena. Atauzwa.

Na ya kwetu sisi waandishi: tukipiga picha ya mchongaji, tuache kuandika chini yake "fundi akiwa kazini". Tumuulize jina. Akikataa tumuulize kwa nini, na hiyo "kwa nini" ndiyo habari yenyewe.

Nimewaficha kitu kimoja mpaka sasa. Mzee ana mjukuu wa kiume, kijana wa bodaboda, ndiye aliyenirudisha mjini siku ile. Njiani nikamuuliza kama na yeye anajua kuchonga. Akasema anajua, alifundishwa mpaka kwenye masikio na mikia. Sasa mbona umeacha?

"Babu kachonga miaka yote hiyo, kaka. Nani anamjua?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kitabuni, lakini pikipiki ilikuwa na kelele na swali lake lilikuwa la haki. Kile kiboko chenye mkunjo wa shingo kipo kichwani mwa mtu mmoja. Kijana ameishia kwenye mikia. Mzee akiondoka, twiga wa mfuko wa saruji watabaki, maana hao kila mtu anawajua. Kiboko wa Ruvuma ndiye atakayekwenda naye.

Kwa hiyo mkienda kununua, ulizeni: nani kachonga? Mkijibiwa "Wamakonde", semeni asante, halafu ulizeni tena.

Wiki njema.